Mzee wangu na fainali ya Madrid 2027, nianzie wapi?

Swali: "Kaka habari za kazi. Mimi ni mwalimu niko Mwanza. Mzee wangu amestaafu mwaka jana, ni shabiki wa Liverpool tangu enzi za kusubiri matokeo kwenye redio. Nataka nimpeleke akaone fainali ya Champions League 2027 pale Madrid. Nina kama milioni 15 za akiba na bado naongezea. Kuna jamaa anasema tiketi mbili ni uhakika nikimtumia nusu ya hela sasa hivi. Nimwamini? Halafu goti la mzee linasumbua kidogo, ataweza kweli? Nianzie wapi?"

Jibu:

Mdogo wangu, nianze na huyo jamaa maana hilo ndo la haraka. Usimtumie hata mia. Tiketi za fainali ya 2027 hazijaanza kuuzwa, hakuna binadamu anazo mkononi saa hizi, kwa hiyo anachokuuzia ni maneno tu. Na hata zikitoka, tiketi za UEFA (shirikisho la mpira la Ulaya) siku hizi hazitumwi kama picha wala karatasi, zinaingia kwenye apu yao ya simu kwa jina la aliyenunua na msimbo wa kuskani getini unaamka ukiwa umekaribia uwanja na Bluetooth imewaka. 2024 nilikuwa London kwa ajili ya fainali ya Wembley, Real Madrid na Dortmund, nikakutana na kijana wa Kitanzania nje pale amekaa chini ameshika kichwa. Alilipa dola 1,400 kwa mtu wa WhatsApp, akatumiwa skrinshoti. Viza anayo, ndege kalipa, hoteli kalipa, getini skrinshoti haisomi kitu. Tulitafuta baa tukamkalisha, magoli ya Carvajal na Vinicius kayaona kwenye tivii kama angekuwa kibanda umiza cha mtaani kwao. Sijawahi kumsahau yule kijana, na ndo maana swali lako nimelijibu kwa urefu hivi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nimekuwa nikipanga safari za watu kwenda kuangalia mechi za mwisho mwisho za Ulaya tangu 2014, na kitu ambacho wengi hawakioni mpaka hela zimeisha ni hiki: fainali unaujua mji na tarehe miaka miwili kabla ila tiketi hujui kama utapata, nusu fainali ni kinyume chake, tiketi unaweza kuipigania ila mji utaujua wiki mbili au tatu kabla. Kwa mzungu aliyeko Cologne au Lyon hiyo ya pili haina shida, anapanda treni. Kwa sisi wenye pasipoti ya kuombea viza hizo wiki mbili tatu ni roho mkononi. Ndo maana ushauri wangu kwa mtu wa Mwanza ni kujenga safari juu ya mji na tarehe, vitu ambavyo havibadiliki, halafu tiketi ndo uziombe nyingi kadiri unavyoruhusiwa, na safari iwe na thamani hata ile kubwa ikikosekana.

Najua utaniuliza, kwani nusu fainali si ndo tamu zaidi? Ndiyo, tamu kuliko fainali, hilo sikufichi. Mei 2025 San Siro, Inter na Barcelona, mechi ya kwanza ilikuwa 3-3, hii ya pili Barca wanaongoza 3-2 dakika za nyongeza, Acerbi, beki wa kati mwenye miaka 37, anatokea kwenye boksi kama straika anasawazisha, kwenye muda wa ziada Frattesi anamaliza, 4-3, jumla 7-6. Uwanja wa nyumbani umejaa watu wa nyumbani, wanaimba tangu saa moja kabla ya mechi mpaka sauti zinakauka. Fainali haina hiyo, nitakuambia kwa nini. Ila nusu fainali tiketi anauza klabu mwenyeji, anaanza na wenye tiketi za msimu, halafu wanachama, halafu wanachama waliohudhuria mechi za nyuma, na wewe unakuja mwisho kama kuna kilichobaki. Wageni wanapewa asilimia 5 ya uwanja tu. UEFA wameweka kikomo cha bei kwa hao mashabiki wa ugenini, Champions League ilikuwa yuro 60 msimu wa 2024/25 ikashuka hadi 50 msimu uliofuata, jambo zuri sana, ila hizo tiketi zinaishia kwa wale wanaoifuata timu kila mahali, mimi na wewe hazitufikii. Kwa Liverpool kuna la ziada, Uingereza haimo kwenye Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), viza yake unaomba kivyake na kulipia kivyake, kwa hiyo ukisema unalenga Anfield, uwanja wa Liverpool, wakati huohuo unalenga Madrid umeshalipa ada mbili za viza kwa watu wawili kabla hujaona hata nyasi.

Haya, fainali. Uwanja ni Metropolitano wa Atletico, mashariki mwa Madrid, unachukua watu kama 70,000 siku za kawaida. Bahati nzuri una mfano wake kabisa maana fainali ya 2019 ilichezwa hapohapo, Liverpool 2 Tottenham 0, penalti ya Salah dakika ya 2 na goli la Origi, mzee wako atakuwa anaikumbuka vizuri kuliko mimi. Siku ile uwanja ulipangwa kwa watu kama 63,500. Kila timu ilipewa tiketi 17,000. Dunia nzima iliyobaki, yaani watu wa kawaida wanaoomba kupitia tovuti ya UEFA, walitengewa 4,000. Zilizobaki zilikwenda kwa vyama vya mpira, wadhamini, watu wa televisheni na zile za hospitaliti, yaani tiketi ghali zenye chakula na huduma. Hapo ndo unaona kwa nini fainali ina watu wengi wamevaa suti na kwa nini nasema tiketi ni bahati. Bei ya 2019 ilianzia yuro 70 mpaka 600. Munich 2025 ile ya juu ilifika 950, na ya daraja la pili 650. Kwa hiyo ukiomba, omba madaraja mawili ya chini tu, usijidanganye na yale ya juu maana ukishinda yatakula sehemu kubwa ya akiba yako kwa dakika 90.

(Kuna kitu Madrid inanigusa kila nikipita. Fainali ya 2010 Bernabéu, McDonald Mariga alikuwa benchi la Inter waliposhinda kombe. 2019 Metropolitano, mdogo wake Victor Wanyama alikuwa benchi la Tottenham. Ndugu wawili wa mama mmoja kutoka Kenya, fainali mbili, mji mmoja, na hakuna aliyeingia uwanjani. Mwambie mzee hiyo mkiwa kwenye ndege.)

Kuomba kwenyewe ni bure na ni droo, siyo nani kawahi. Miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguka kati ya Machi na Aprili, timu za fainali hazijajulikana bado. Unafungua akaunti UEFA kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, unaomba tiketi zisizozidi mbili, unachagua daraja, unasubiri. Ukiomba siku ya kwanza au siku ya mwisho nafasi ni ileile kwa hiyo usikeshe. Mzee naye afungue akaunti yake aombe kivyake, hiyo ni halali kabisa, ila mtu mmoja kufungua akaunti tatu wanakufuta zote. Kitu kinachowaangusha Watanzania wengi hapa siyo bahati, ni kadi. Nenda benki yako mapema uwaambie wafungue manunuzi ya mtandaoni na wapandishe kiwango cha siku, na hela iwepo kwenye akaunti kipindi majibu yanatoka, nimeona mtu kashinda droo halafu malipo yakagoma kwa sababu kadi ilikuwa na kikomo, kaumwa wiki nzima. Baadaye UEFA huwa wanafungua sehemu yao rasmi ya watu kurudisha na kuuziana kwa bei halisi, ukikosa droo chungulia hapo kila siku asubuhi na jioni, hasa timu zikishajulikana, maana wako watu waliomba wakitegemea timu yao iingie na haikuingia.

Sasa hapa ndo mpango wangu kwako. Fainali ya Europa League ya 2027 iko Frankfurt, na siku zote inachezwa kabla ya ile ya Champions League. Ujerumani na Hispania zote Schengen, viza moja. Bei za Europa ni nyingine kabisa, 2025 Bilbao, Tottenham na Manchester United, zilianzia yuro 40, na mashindano haya watu wa nje hawayagombanii kama yale makubwa. Mashabiki wanaofika fainali ya Europa wengi timu zao hazijashika kombe miaka na miaka, Tottenham walikuwa hawajabeba kitu tangu 2008, Frankfurt wenyewe walipowafunga Rangers kwa penalti Seville 2022 ndo kombe lao la kwanza la Ulaya tangu 1980, watu wazima wanalia hadharani. Uwanja wa Frankfurt unabeba kama watu 48,000 na kituo chake cha treni, kinaitwa Stadion, ni vituo viwili tu ukitoka uwanja wa ndege. Kwa mtu mwenye goti bovu hiyo ni zawadi. Kwa hiyo omba droo zote mbili, Frankfurt iwe shabaha, Madrid iwe bahati. Ongeza na fainali ya Champions League ya wanawake Warsaw, Poland, nayo iko majira hayohayo ndani ya Schengen, tiketi zake hazina vita na mpira ni wa kweli, Arsenal walivyomfunga Barcelona 1-0 Lisbon 2025 ilikuwa mechi bora kuliko fainali nyingi za wanaume nilizoziona.

Ingieni Frankfurt, mkae siku chache, ndege ya ndani mpaka Madrid ni kama saa mbili na nusu, mrudi nyumbani kutokea Madrid. Ethiopian wanafika miji yote miwili kupitia Addis, uliza tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, mara nyingi bei haizidi sana. Kama Madrid droo imekukatalia bado mnakwenda, maana siku kadhaa kabla ya fainali UEFA wanafanya tamasha lao katikati ya mji, bure, kombe lenyewe liko pale mzee anapiga nalo picha, wachezaji wa zamani wanacheza, na mashabiki wa timu mbili wamejaza mji. Mimi fainali yangu ya kwanza Lisbon 2014 sikuwa na tiketi, nilisimama mtaani na watu wa Atletico mpaka Ramos aliposawazisha dakika ya 93, ule ukimya uliopiga mtaa mzima nausikia mpaka leo.

Viza. Schengen inaombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, na hizo siku 15 usizitegemee maana wanaruhusiwa kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, hairudi ukikataliwa. Ubalozi unaokuhusu ni wa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo hesabu usiku, Frankfurt nne Madrid sita basi ni Hispania, na ubalozi wao upo Dar. Ikilingana ndo unaangalia nchi ya kuingilia. Alama za vidole lazima mje wenyewe Dar kwa hiyo weka hesabu ya nauli ya Mwanza na malazi. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, mzee akiwa na umri mkubwa bei inapanda kidogo, usimfichie ugonjwa kwenye fomu. Hispania wanataka kuona uwezo wa hela, 2025 walikuwa wanahesabu kama yuro 118 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo stetimenti ya benki ya miezi ya nyuma iwe safi, hela iingie kidogo kidogo kama mshahara unavyoingia, usikope milioni 10 kwa shemeji ukaimwaga wiki moja kabla, maofisa wanaiona hiyo kila siku. Wewe barua ya mwajiri na likizo iliyosainiwa, na kwa kuwa fainali inaangukia wakati shule ziko karibu kufunga ongea na mkuu wako mapema. Mzee karatasi za pensheni, hati ya nyumba au kiwanja kama ipo, cheti chako cha kuzaliwa kuonyesha ni baba yako, na barua yako kwamba unamgharamia. Sababu ya safari andika utalii na mpira, usidanganye, majibu ya droo yakitoka kabla ya miadi ambatanisha. Ndege weka oda tu, usilipe mpaka viza itoke. Siku ya kuingia Frankfurt watawapiga picha mpakani (vidole mlivyotoa kwa ajili ya viza wanavyo tayari), ni mfumo wao mpya ulioanza Oktoba 2025, foleni inaweza kuwa ndefu kwa hiyo msipange kuingia asubuhi ya mechi.

Goti la mzee, hapo naomba unisikilize kabisa. Fainali ni kutembea na kusimama kuliko mechi yoyote uliyoizoea pale kwa Mkapa. Barabara zinafungwa mbali, kuna mizunguko ya ukaguzi miwili au mitatu, na wakati mwingine wenye dhamana wanakosea. Paris 2022, Liverpool na Real Madrid, mashabiki wa Liverpool wenye tiketi halali walibanwa kwenye njia nyembamba masaa, wakapigwa mabomu ya machozi, wako wazee na walemavu mle ndani, mechi ikachelewa zaidi ya nusu saa na wakubwa wakawasingizia mashabiki. Ripoti huru iliyotoka Februari 2023 ilisema UEFA ndo wabeba lawama wakuu. Naikumbusha siyo kukutisha, ila ujue kwa nini nasema mfike eneo la uwanja masaa matatu kabla, mzee ale na anywe maji kabla ya mzunguko wa kwanza, mkiona sehemu imejaa watu hawasogei rudini nyuma mapema, msingoje. Metropolitano una metro mlangoni, laini ya 7, kwenda ni rahisi, kutoka ndo kazi, tulieni kwenye viti nusu saa au zaidi baada ya kombe kukabidhiwa. Afadhali sasa kuanzia fainali ya 2026 wameivuta mechi kutoka saa tatu usiku kwenda saa kumi na mbili jioni za kule, kwa hiyo hata mkichelewa kutoka metro bado inatembea. Mwanzoni mwa Juni Madrid ni joto, kofia na maji. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Simu zote mbili zijae chaji na pawabanki mfukoni, maana simu ikizima tiketi imezima. Na kama daktari anaweza kuandika kwamba goti ni tatizo la kudumu, angalia kwenye fomu ya maombi sehemu ya viti vya wenye ulemavu na wasiopanda ngazi, huwa vinatengwa kwa bei ya chini na msindikizaji anaingia bure. Watu wetu wanaona aibu kuomba hivyo viti, mzee asione aibu, vimewekwa kwa ajili yake.

Hela yako, milioni 15, kwa watu wawili inatosha kwa kubana kama tiketi zitakuwa za madaraja ya chini. Itakayokuumiza ni hoteli ya Madrid usiku wa Ijumaa na Jumamosi ya fainali, bei pale zinapanda kama zimechanganyikiwa. Bukingi sasa hivi hoteli inayoruhusu kughairi bure, usisubiri. Au laleni Alcalá de Henares, mji mdogo wa zamani upande huohuo wa mashariki, treni za kwenda Madrid zinapita siku nzima, mzuri, mtulivu, mzee atalala. Bilbao 2025 watu walilala miji mingine kabisa wakaja na mabasi, walioamka mapema walilipa bei ya kawaida.

Ukitaka ushauri wa moyoni, kama droo ikikupa Frankfurt na ikakunyima Madrid, usiingie kwa walanguzi kutafuta hiyo ya Madrid kwa dola elfu mbili tatu. Siku ya Frankfurt mzee atakuwa amesikia uwanja mzima wa Ulaya ukiimba kwenye mechi ya kombe, amekaa na mwanae, hicho ndo ulichokuwa unakitafuta tangu mwanzo kama nimekuelewa.

Kazi ya wiki hii ni moja, chukua pasipoti ya mzee angalia imeisha lini. Inatakiwa iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku mtakayotoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na kurasa mbili tupu. Kama hana kabisa anza Uhamiaji Jumatatu, halafu niandikie majina yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye pasipoti, kama herufi hazifanani turekebishe kabla Desemba haijafika.